Kipimo Gani cha Takwimu Kinalifaa Jaribio Langu? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu ya toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wanaoandaa ripoti za majaribio, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: data zimeshakusanywa, je, zifanyiwe kipimo gani, yaani hesabu gani ya kupima kama tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya bahati tu? Ninazijibu baadhi yake hapa, nikianza na ile ambayo jibu lake linazigusa nyingine zote.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, ninafanya jaribio la biolojia kuhusu athari ya chumvi katika ukuaji wa miche ya maharage. Nilipanda mbegu 15 katika trei niliyoimwagilia maji ya chumvi, na nyingine 15 katika trei niliyoimwagilia maji ya kawaida. Baada ya siku 14 nilipima miche yote 30. Kigeu huru changu ni chumvi na kigeu tegemezi ni ukuaji. Je, ni sahihi kutumia kipimo cha t kulinganisha wastani wa makundi haya mawili?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Vigeu vyako, yaani kile ulichokibadilisha (kigeu huru) na kile ulichokipima (kigeu tegemezi), umevitambua vizuri, ila umeviita kwa majina mapana mno. Chumvi inakuwa kigeu pale tu unapotaja ni gramu ngapi uliziyeyusha katika kila lita ya maji, na ukuaji unakuwa kigeu pale unapoeleza ulichokipima: urefu wa shina kwa milimita kuanzia usawa wa udongo hadi ncha ya chipukizi, au uzito wa mche uliokaushwa, au idadi ya majani. Hivi si kitu kimoja. Mche unaweza kuwa mrefu na mwembamba huku mwenzake mfupi una uzito mkubwa zaidi, na wanafunzi wawili waliofanya jaribio lilelile wakafikia mahitimisho yanayopingana kwa sababu tu kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno ukuaji. Andika vilevile vigeu ulivyovidhibiti, yaani vile ulivyohakikisha vinabaki sawa kwa pande zote mbili: kiasi cha maji, mwanga, aina ya udongo, kina cha kupandia.

Tatizo kubwa liko kwenye trei. Maji ya chumvi hukuyapa mche mmojammoja. Uliyapa trei nzima. Ikiwa trei ile ilikaa karibu na dirisha kuliko nyingine, au udongo wake ulishikamana zaidi, au ukungu uliingia upande mmoja, basi miche yote 15 ilipata athari hiyo kwa pamoja, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kuitenga athari ya trei na athari ya chumvi. Kilichopewa matibabu ni trei, kwa hiyo kinachohesabiwa ni trei, na kwa mtazamo huo una sampuli ya kitu kimoja kwa kila kundi. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandikia kosa hili makala ndefu mwaka 1984 na kulipa jina linalomaanisha marudio bandia, baada ya kupitia tafiti zilizochapishwa na watafiti waliobobea na kukuta wengi wamelifanya. Huna sababu ya kuona haya.

Ukiwa bado na muda, panda upya kila mbegu katika chombo chake, piga kura kuamua chombo kipi kitapata chumvi na kipi hakitapata, kisha changanya vyombo vyote mahali pamoja badala ya kuviweka kundi huku na kundi kule. Hapo kila mche utakuwa kipande huru cha ushahidi na kipimo cha t kitakufaa. Kama muda umekwisha, ripoti wastani wa kila trei pamoja na mtawanyiko wake, chora grafu, na useme wazi kwamba kulikuwa na trei moja tu kwa kila hali, kwa hiyo hukufanya kipimo cha kitakwimu. Mimi ningempa alama nyingi mwanafunzi aliyeandika hivyo kuliko yule aliyeniletea thamani ya p nzuri (namba ya uwezekano wa bahati, nitakayoieleza mbele) iliyojengwa juu ya trei mbili.

SWALI: Tulipima kasi ya watu kuitikia kwa kudondosha rula na kuona ameikamata kwenye sentimita ya ngapi. Watu sita walifanya zoezi hilo mara mbili, mara moja penye ukimya na mara moja penye kelele. Kila mmoja wao alichelewa zaidi penye kelele, lakini kipimo cha t kinasema hakuna tofauti ya maana. Inawezekanaje?
Kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Inawezekana kwa sababu kipimo mlichochagua hakikujua kwamba watu ni walewale. Ninazirudia takwimu mlizonitumia. Penye ukimya mlipata sentimita 14, 18, 22, 16, 25 na 19. Penye kelele, kwa mpangilio uleule wa watu, mkapata 16, 21, 23, 19, 27 na 20. Wastani wa kwanza ni 19, wa pili ni 21, na tofauti yake ni sentimita 2.

Mlitumia kipimo cha t cha makundi mawili yasiyohusiana. Kipimo hicho huilinganisha ile tofauti ya sentimita 2 na mtawanyiko uliomo ndani ya kila kundi, na ndani ya makundi yenu mtawanyiko ni mkubwa, kwa kuwa yumo aliyekamata rula kwenye sentimita 14 na yumo aliyeikamata kwenye 25. Thamani ya t inakuwa 0.89, wakati jedwali la thamani za t linadai ifike 2.228 kwa digrii 10 za uhuru, yaani vipimo 12 ukitoa 2 kwa ajili ya wastani mbili. Tofauti yenu imemezwa na tofauti za asili kati ya mtu na mtu.

Sasa chukueni kila mtu mkamlinganishe na nafsi yake. Tofauti ni 2, 3, 1, 3, 2 na 1. Wastani wake ni uleule, 2, lakini mtawanyiko wake ni mdogo sana: mkengeuko sanifu ni 0.89 tu. Mkiugawa kwa kipeuo cha pili cha 6 mnapata kosa sanifu la 0.365, na 2 gawanya kwa 0.365 ni takriban 5.48. Kwa digrii 5 za uhuru (tofauti 6 ukitoa 1) jedwali linadai 2.571 kwa mpaka wa kawaida wa 0.05. Mmeuvuka mpaka huo kwa mbali, na hata mpaka mkali zaidi wa 0.01, ambao ni 4.032, mmeuvuka. Hiki ndicho kipimo cha t cha jozi, na ndicho kinachoendana na jinsi mlivyolipanga jaribio lenu. Katika ripoti andikeni t yenye digrii 5 za uhuru ni 5.48, p chini ya 0.01, na msisahau kutaja zile sentimita 2, maana hizo ndizo msomaji anazoweza kuziwaza.

Lipo jambo moja ambalo hamkulieleza kwenye barua. Je, wote sita walianza na ukimya? Kama ndivyo, matokeo yenu yanaweza kuwa ya kelele, au ya uchovu wa awamu ya pili, na hatuna njia ya kujua. Mpangilio wa zamu ni kigeu ambacho kimejifungamanisha na kigeu huru chenu. Dawa yake ni nyepesi: watatu waanze na ukimya na watatu waanze na kelele, wakichaguliwa kwa kura.

SWALI: Msimamizi wangu anasema siwezi kutumia kipimo cha t kwa sababu nina vipimo 8 tu katika kila kundi na sharti viwe 30. Je, ni kweli?
Mwanafunzi wa shahada ya kwanza

JIBU: Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, si kweli. Kipimo cha t kilibuniwa kwa ajili ya sampuli ndogo hasa. Aliyekibuni, William Sealy Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambako vipimo vya malighafi vilikuwa vichache, naye mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la bandia la Student, yaani Mwanafunzi. Hiyo 30 inatokana na kwamba sampuli inapofika ukubwa huo, thamani za jedwali la t hukaribiana sana na zile za mgawanyo wa kawaida (ule wenye umbo la kengele), kwa hiyo zamani ilionekana hakuna haja ya jedwali la t tena. Si kiwango cha chini cha kuruhusiwa kupima.

Hata hivyo, nadhani msimamizi wako ana wasiwasi wa haki nyuma ya kanuni isiyo sahihi. Kwa vipimo 8, thamani moja iliyo mbali na nyingine inaweza kuuvuta wastani mzima, na tofauti ndogo iliyopo kweli inaweza isionekane. Chora kila kipimo kama nukta kwenye grafu kabla ya kukokotoa chochote. Ukiona nukta zimejikusanya vizuri kuzunguka wastani, endelea. Ukiona zimelundikana upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili, tumia kipimo cha Mann na Whitney, kilichochapishwa mwaka 1947, ambacho hutumia nafasi za thamani katika mpangilio wa kutoka ndogo hadi kubwa badala ya thamani zenyewe.

SWALI: Nililoweka mbegu 20 katika maji ya moto na nyingine 20 sikuziloweka, kila mbegu katika kikombe chake. Asilimia 60 ya zilizolowekwa ziliota na asilimia 40 ya zisizolowekwa ziliota. Kipimo cha kai-mraba kimenipa 8.0, ambayo ni kubwa kuliko 3.84. Mwenzangu amekokotoa data hizohizo akapata 1.6. Nani amekosea?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Wewe umeziingiza asilimia katika jedwali kana kwamba ni idadi ya mbegu, kwa hiyo hesabu imedhani umepanda mbegu 100 katika kila kundi. Idadi halisi ni 12 zilizoota na 8 ambazo hazikuota kwa upande mmoja, 8 na 12 kwa upande mwingine. Ukiziweka hizo, kai-mraba inakuwa 1.6, na kwa digrii 1 ya uhuru haifiki mpaka wa jedwali, 3.84. Kipimo hiki, alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900, hupokea hesabu za vitu vilivyohesabiwa kimoja kimoja na si kingine chochote: si asilimia, si wastani, si urefu. Tofauti ya 60 kwa 40 katika mbegu 200 ni ushahidi mzito. Katika mbegu 40 inaweza kutokea kwa bahati bila shida.

Hapa pia ndipo unapoona kwa nini kigeu tegemezi ndicho kinachoamua aina ya kipimo. Wewe ulirekodi imeota au haijaota, yaani kategoria. Ungerekodi siku ngapi kila mbegu ilichukua kuota, ungekuwa na namba, na swali lako lingekuwa la wastani. Jaribio ni moja, mbegu ni zilezile, lakini vipimo ni viwili tofauti. Na iwapo katika jedwali lako idadi inayotarajiwa (ile ambayo ungeipata kama makundi yote yangeota kwa kiwango kimoja) katika kisanduku chochote inashuka chini ya 5, acha kai-mraba na utumie kipimo kamili cha Fisher.

SWALI: Majibu ya dodoso langu ni ya ngazi 1 hadi 5, kuanzia sikubali kabisa hadi nakubali kabisa. Naweza kutafuta wastani?
Mwanafunzi wa ualimu

JIBU: Kwa swali moja moja, ningeepuka. Ngazi hizo zina mpangilio, lakini hakuna anayejua kama umbali kati ya 1 na 2 ni sawa na ule kati ya 4 na 5. Onyesha ni wangapi walichagua kila ngazi, taja ngazi aliyoichagua mtu wa katikati majibu yakipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na ukitaka kulinganisha makundi mawili tumia Mann na Whitney. Ukijumlisha maswali kadhaa yanayopima jambo moja ili kupata alama moja kwa kila mtu, watafiti wengi huiruhusu jumla hiyo ichukuliwe kama namba, nami sina ugomvi nao.

SWALI: Thamani yangu ya p ni 0.07. Msimamizi ananishauri niongeze washiriki wachache wachache mpaka ishuke chini ya 0.05, kwani la sivyo jaribio langu limeshindwa. Je, nifanye hivyo?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Usifanye hivyo, na jaribio lako halijashindwa. Tuanze na maana ya namba yenyewe, kwa sababu hata vitabu vya kiada huipindisha. Thamani ya p inajibu swali lenye sharti: ikiwa kigeu huru hakina athari yoyote, ambalo ndilo dai la nadharia tete sifuri, kuna uwezekano kiasi gani wa kupata tofauti kubwa kama uliyoipata au kubwa zaidi kwa bahati tu? Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 7 kuwa nadharia tete sifuri ni kweli. Haisemi pia athari yako ni kubwa au ndogo. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi mwaka 2016 kuyasema haya, jambo linaloonyesha jinsi upotoshaji ulivyoenea.

Mpaka wa 0.05 ulienezwa na Ronald Fisher katika maandishi yake ya mwaka 1925, naye aliutaja kuwa unafaa kwa matumizi. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alitoa mfano wa mwanamke aliyedai kwamba akionja chai anaweza kutambua kilichotangulia kumiminwa kikombeni, maziwa au chai. Anapewa vikombe 8, vinne vya kila aina, kwa mpangilio wa nasibu, naye anajua viko vinne vinne. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70, yaani takriban 0.014, ya kuvipata vyote. Vikombe vingekuwa 6, njia zingekuwa 20 na p ndogo kabisa inayowezekana ingekuwa 0.05 kamili, hata kama mwanamke huyo ana kipaji kisicho na shaka. Na kwa vile vikombe 8, akikosea kimoja tu cha kila aina, uwezekano wa kufanya vizuri kiasi hicho au zaidi kwa kubahatisha unaruka hadi 17 kati ya 70, karibu 0.24. Unaona jinsi p inavyotegemea ukubwa wa sampuli, ambao huamuliwa kabla ya kikombe cha kwanza kuonjwa.

Ndiyo maana ushauri wa kuongeza washiriki wachache wachache ni hatari. Kipimo kinakuahidi kwamba, pasipo na athari, kitakudanganya mara 5 katika kila 100, lakini ahadi hiyo ni ya kupima mara moja. Ukipima, ukaongeza watu, ukapima tena, na kusimama siku p inapokupendeza, umejipa nafasi nyingi za kudanganywa na bado unaripoti kana kwamba ilikuwa moja. Hali ni hiyohiyo kwa mtafiti anayepima vigeu tegemezi 10 visivyohusiana kisha akaripoti kile kimoja kilichotoka vizuri: hata pasipo na athari yoyote, uwezekano wa angalau kimoja kushuka chini ya 0.05 ni takriban asilimia 40. Programu za kompyuta zimelirahisisha kosa hili kupita kiasi, kwani zinapima chochote unachozipa bila kuuliza umeshapima mara ngapi.

Ripoti p = 0.07 kama ilivyo. Taja ukubwa wa tofauti katika vizio vyake halisi pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani masafa ya thamani zinazoafikiana na data, ili msomaji aone kwamba data zako zinaafikiana na athari ya kadiri fulani na pia na kutokuwapo kwa athari. Usiandike kwamba umethibitisha hakuna tofauti, hukuthibitisha hilo. Ukitaka kuendelea, panga jaribio jipya, amua idadi ya washiriki kwa kuzingatia tofauti ndogo kabisa ambayo ingekuwa na maana katika fani yako, iandike idadi hiyo kwenye pendekezo la utafiti, na usiziguse data kwa kipimo chochote mpaka itimie.

SWALI: Katika jaribio letu la kumbukumbu kigeu huru ni jinsia. Mwalimu ameandika pembeni kwamba hili si jaribio. Kwa nini?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Kwa sababu hukumgawia mtu yeyote jinsia kwa kura, ulimkuta nayo, pamoja na kila kitu kingine kinachoambatana nayo katika maisha yake. Kipimo cha t bado kitafanya kazi na kitakuambia kama wastani wa makundi mawili unatofautiana, ila hakitakuambia kwamba jinsia ndiyo iliyosababisha. Liite uchunguzi linganishi, badilisha neno athari liwe tofauti kila mahali lilipo kwenye ripoti, na ukihitaji jaribio la kweli kwa washiriki walewale, gawa kwa kura nani ajifunze orodha ya maneno kwa kuisoma kimya na nani aisome kwa sauti.